Chupa ya Wimbo wa Nane: Kisa cha Albamu Tulivu na Wahakiki Wake

Kisa hiki nilikuwa ndani yake. Nilipewa kazi ya kuipeleka albamu ya mwimbaji mmoja wa Nairobi kwa wahakiki na watangazaji, na mengi yaliyoharibika yalipitia mikononi mwangu. Nimeondoa majina yote, jina la albamu pia, na mambo kadhaa ya familia nimeyageuza. Mwimbaji mwenyewe amekisoma kisa hiki na kukiridhia. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kuhakiki muziki, na kwa wenzangu tunaozibeba kazi za wasanii kutoka studio hadi masikioni mwa watu wa kwanza watakaozisema.

Usuli

Mwimbaji huyu amezaliwa na kulelewa Eastlands, katika familia iliyotoka magharibi mwa Kenya. Albamu zake mbili za mwanzo zilikuwa na bendi kamili, ngoma, besi, kinanda na waitikiaji watatu, na watu walimjua kwa sauti kubwa na nyimbo za kuchezeka harusini. Ya tatu ikaja tofauti kabisa: nyimbo tisa, dakika 34, sauti moja na gitaa moja.

Gitaa hilo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililosomwa vibaya. Analipiga kwa vidole viwili, gumba likitembeza besi na kidole cha shahada kikidonoa sauti ya juu. Mtindo huo huitwa omutibo. Ulishamiri magharibi mwa Kenya miaka ya 1950, na jina linalotajwa kwanza kila ukizungumzwa ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Katika rekodi za zamani za omutibo hutasikia ngoma. Utasikia chupa ya Fanta. Chupa zile za kioo zilikuwa na mifereji kwenye shingo na kiwiliwili, ukiikwaruza au kuigonga kwa chuma inatoa mdundo mkavu unaolisukuma gitaa mbele.

Baba yake ndiye aliyemfundisha kulipiga. Jioni alipotoka kazini alivua viatu, akachukua chupa na msumari, akakaa kando ya bintiye amkwaruzie huku yeye akihangaika na nyuzi. Baba alifariki mwaka mmoja na nusu kabla ya albamu. Nyimbo zote tisa zilitungwa jikoni kwa Mama, baada ya watu kurudi makwao.

Zilirekodiwa South B, mtaa mmoja wa Nairobi, katika chumba cha nyuma cha prodyuza mmoja kijana mwenye subira kuliko umri wake. Magodoro mawili yalisimamishwa ukutani, friji ikazimwa kila wakati maikrofoni ilipowashwa. Walirekodi baada ya saa tano usiku, matatu zikiwa zimepungua barabarani. Ilikuwa Aprili na paa ni la mabati, kwa hiyo usiku mwingi ulipotea wakisubiri mvua ikatike. Usiku mmoja haikukatika, wakaamua kuimba nayo, na ndiyo unayoisikia chini ya wimbo wa tano. Katika wimbo wa pili kiti kinalia mara moja, kati ya ubeti wa kwanza na wa pili. Prodyuza alitaka kukifuta. Mwimbaji akakataa.

Wimbo wa nane unaisha kwa kitu ambacho hakikurekodiwa South B. Gitaa likishanyamaza, inaingia sauti yenye mikwaruzo iliyotolewa kwenye simu kuukuu: chupa ikikwaruzwa peke yake, sekunde kama ishirini, bila gitaa na bila sauti ya mtu. Halafu mtu anakohoa kidogo. Halafu kimya.

Maamuzi kabla ya albamu kutoka

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wake: kifo cha Baba kisitajwe popote, si kwenye taarifa kwa wanahabari wala kwenye mahojiano. Aliniambia, "Kaka, sitaki watu wanipe pole badala ya kunisikiliza." Nilikubali. Nilijua wasanii ambao msiba wao ulitangulia kazi yao kila mahali, hata wakawa hawaulizwi tena jambo lolote la muziki.

Wa pili ulikuwa wakati. Tulichagua Julai. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai mawingu yanaikalia wiki nzima nzima. Watu hutembea na sweta mpaka saa saba mchana na jioni huwahi nyumbani. Disemba ingeiua albamu hii kwa harusi na safari za mashambani. Katika hili hatukukosea.

Wa tatu ulikuwa wangu, nao ndio kiini cha kisa chote. Wahakiki sita niliwatumia nyimbo tatu tu, wa kwanza, wa nne na wa sita, wiki moja kabla. Niliogopa albamu nzima isije ikavuja. Zaidi ya hapo, uzoefu ulikuwa umenifundisha kwamba mhakiki mwenye kazi tano mezani hasikilizi zaidi ya nyimbo tatu, kwa hiyo heri nimchagulie mimi. Wimbo wa nne niliuweka mbele kwa kuwa kiitikio chake kinashikika haraka.

Uamuzi wa nne: maneno ya nyimbo sikuyachapisha. Niliona ni Kiswahili, nani Nairobi asiyeelewa Kiswahili?

Uamuzi wa tano: tulifanya usikilizaji wa kwanza Ijumaa usiku, katika baa moja kando ya Ngong Road. Mwenye baa alitupa nafasi bure, spika zake zilikuwa nzuri, na wahakiki walikuwa na njia rahisi ya kufika. Kwenye karatasi kila sababu ilikuwa halali.

Mambo yalivyokwenda

Ijumaa hiyo chumba cha pili kilikuwa kinaonyesha mechi. Kwenye kaunta mashine ya kusaga barafu iliwaka kila dakika chache. Wimbo wa kwanza una sekunde 41 za gitaa kabla ya neno la kwanza, na mtu mmoja aliyesimama karibu nami aliuliza kama mitambo bado inajaribiwa. Ulipofika wimbo wa pili, watu walikuwa wameanza kuongea kwa sauti ya kawaida, na mtu akiongea kawaida anaimeza albamu hii. Fundi mitambo akapandisha sauti. Kilichopanda pamoja na gitaa ni pumzi, mlio wa vidole kwenye nyuzi na mvumo wa chumba cha South B. Mwimbaji alikuwa amekaa karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, akiitazama sakafu. Wimbo wa nane ulipofika, goli lilifungwa chumba cha pili. Chupa haikusikika na mtu yeyote.

Katika siku kumi zilizofuata mapitio sita yalitoka. Mawili yalikuwa taarifa yangu mwenyewe imenakiliwa na kubadilishwa maneno machache, nayo nayaacha hapo. La tatu lilisema ni albamu ya kulalia. La nne lilisema ni huzuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwamba msanii aliyetuchezesha amechoka, na kwamba machozi yanayotiririka kila wimbo hayatoshi kuwa albamu. Nililisoma hilo mara tatu, maana machozi yanatiririka katika wimbo mmoja tu. La tano liliandikwa na mhakiki mzee, mtu ambaye neno lake lina uzito, nalo ndilo lililouma kuliko yote. Alisema mwimbaji ameacha ngoma za kwao akaenda kuiga waimbaji wa Kizungu wenye gitaa moja na majonzi mengi.

La sita lilitoka kwa msichana aliyekuwa hajamaliza chuo. Sikumtumia chochote kwa sababu sikumjua. Alingoja albamu itoke, akanunua bando, akaisikiliza nzima kitandani usiku. Aliandika aya nne tu. Moja ilihusu kiti kinacholia katika wimbo wa pili, akauliza: kwa nini katika nyumba hii tunasikia kiti lakini hatumsikii aliyekikalia?

Redioni mambo yalikuwa mafupi zaidi. Mtangazaji mmoja mwenye nia njema aliucheza wimbo wa kwanza asubuhi, katikati ya gengetone, ule muziki wa vijana wenye mdundo mkali, na matangazo ya biashara. Kwenye sekunde ya ishirini, kwa kuhofia wasikilizaji watadhani mitambo imezimika, alianza kuongea juu ya gitaa. Aliendelea mpaka neno la kwanza likampita. Hata dakika mbili hazikuisha, akaukata.

Usiku wa siku ile pitio la mhakiki mzee lilipotoka, nilimwandikia jibu. Nilieleza omutibo, Baba, chupa, kila kitu, nikamtumia mwimbaji asome kabla sijalituma. Jibu lake lilikuja asubuhi: "Ukimweleza, utakuwa umeimba wewe." Tukaliacha.

Badala yake nilimpigia simu. Nilimwamkia, nikamshukuru kwa kuandika, nikamwuliza jambo moja: Mzee, ulisikiliza nyimbo zipi? Akanijibu kwa ukali kidogo, na alikuwa na haki, "Zile tatu ulizonitumia, kijana wangu. Ulitaka nisikilize zipi?"

Tulichobadilisha

Wiki tatu baadaye tuliita usikilizaji wa pili. Ulikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, ghorofani katikati ya jiji, katika chumba cha mazoezi ya ngoma tulichoazimwa na rafiki. Viti vya plastiki arobaini. Saa hizo za Jumapili barabara za mjini zimepoa na mahubiri ya vipaza sauti yamekwisha. Simu zilizimwa na kuwekwa kwenye kikapu mlangoni. Prodyuza alileta spika zake mbili ndogo kutoka South B, akazisimamisha usawa wa sikio la mtu aliyekaa, akaweka sauti ya kadiri ya mtu anayekuhadithia jambo mezani. Maneno ya nyimbo zote tisa yalichapishwa kwenye karatasi, moja kwa kila kiti. Hapakuwa na hotuba. Mwimbaji alisema karibuni, akakaa miongoni mwa watu.

Nilikuwa na wasiwasi juu ya karatasi zile. Nilidhani watu watasoma badala ya kusikiliza. Kilichotokea ni kwamba walisoma wimbo mmoja au miwili, sikio likazoea matamshi yake ya chini chini, wakaziweka mapajani. Wimbo wa pili una mistari hii:

*Kikombe chako nakiosha,*
*hakijachafuka.*

Pale niliona mama mmoja wa safu ya mbele akiukunja mtandio wake, anaukunjua, anaukunja tena.

Mhakiki mzee alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, miguu ameinyoosha kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Wimbo wa tatu uliingia, ambao sikuwa nimemtumia na ambao gumba lake halifichiki, na nikamwona kidole chake cha shahada kinagonga goti. Wa nane ulipoisha na chupa ikaingia, aliivua miwani. Sekunde ishirini katika chumba kisicho na kelele ni ndefu sana. Kikohozi kilisikika wazi kabisa, kama cha mtu aliyekaa nasi.

Wimbo wa tisa ulipokwisha, yule mama wa mtandio aliuliza, "Mwanangu, huyo anayekohoa ni nani?"

"Ni Baba," akajibu.

Hakuongeza neno, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Matokeo

Mhakiki mzee aliandika tena. Hakuibadilisha kauli yake yote, na kwa hilo namheshimu. Aliondoa neno la kuiga Wazungu, akaandika aya ndefu na nzuri kuhusu omutibo uliopunguzwa mwendo na kuvuliwa chupa, akisema kwamba ukishajua chupa ilitakiwa iwe wapi, unaisikia isipokuwepo katika kila wimbo. Papo hapo akasisitiza kwamba wimbo wa nne ni dhaifu na kwamba wa sita na wa saba zinashabihiana mno kwa mwendo na ufunguo. Aliyesema albamu ni ya kulalia hakuja wala hakuandika tena. Redioni hakuna kilichobadilika.

Albamu haikuwa ya kuchezwa ndani ya matatu za barabarani, na haijawa hadi leo. Ilichopata ni aina nyingine ya mialiko: kumbi ndogo, maktaba, nyumba za watu, mahali ambapo wasikilizaji wanakaa. Msichana wa aya nne sasa huandika mara kwa mara, na mhariri wake wa kwanza alimwajiri kwa ajili ya kile kiti.

Uchambuzi

Nianze na nyimbo tatu. Albamu ya kuchezeka unaweza kuikata vipande, kila kipande kikasimama peke yake. Hii ilikuwa imejengwa juu ya kitu kilichofichwa mpaka wimbo wa nane. Ukimpa mtu wa kwanza, wa nne na wa sita, umempa nyumba isiyo na mlango, halafu unashangaa kwamba hakuingia. Mhakiki mzee alikosea kuhusu Wazungu, lakini alikosea kwa ushahidi niliomkabidhi mimi. Tangu hapo kazi tulivu naitoa nzima au siitoi. Mhakiki ambaye hana dakika 34 namwambia nitamngoja.

Hata hivyo siwezi kumwondolea mhakiki mzigo wake wote. Mtu akiandika kwamba albamu nzima ni kadha wa kadha ilhali amesikiliza theluthi yake, ana wajibu wa kusema amesikiliza theluthi. Kati ya wale watano niliowatumia na wakaandika kwa haraka, hata mmoja hakusema. Msichana asiyejulikana ndiye pekee aliyesikiliza nzima, na si ajabu kwamba ndiye pekee aliyekisikia kiti.

La pili ni neno huzuni lenyewe. Nimeyapitia mapitio yale upya na nimeona kwamba lilitumika kama hukumu, mahali ambapo kazi ya mhakiki ilikuwa kulifumbua. Lugha yetu haina uhaba hapa. Kuna simanzi na majonzi, ambayo mtu huonekana nayo usoni. Kuna kihoro, ule mshtuko wa kupotelewa unaomwangusha mtu. Kuna jitimai iliyokaa ndani. Kuna upweke, ambao ni wa mtu. Na kuna ukiwa, ambao unaweza kuwa wa mtu lakini pia wa mahali: nyumba inaweza kuwa na ukiwa, njia inaweza kuwa na ukiwa, na aliyeachwa ndani yake anaitwa mkiwa. Albamu hii ni ya ukiwa. Imejaa vikombe, viti, paa, na mlango ambao mtu anasikiliza kama utafunguliwa. Mhakiki angejiuliza tu ni huzuni gani, mikono yake ingeishia kwenye vitu hivyo, na mapitio yangeandikika.

Nadhani pia kuna mazoea yaliyotukwamisha sote. Huku kwetu msiba una sauti. Kuna kwaya, kuna vipaza sauti, kuna wanaokesha, na sehemu nyingine kuna disko matanga, dansi za usiku wa msibani, hata baada ya kukatazwa. Tumezoea kwamba anayeomboleza atasikika. Albamu hii inaanza pale matanga yalipokwisha anuliwa, hema limerudishwa kwa wenyewe, sufuria kubwa zimeoshwa, na watu watatu wamebaki na chai ya watu wanne. Muziki wa saa hiyo hatuna mwingi, na ndiyo maana masikio yalikuwa yanangoja kilio kisichokuja, na kilipokosekana yakasema hapa hapana kitu.

Sisemi hatuna kabisa. Mwanamuziki Mkenya Ayub Ogada alitoa albamu ya *En Mana Kuoyo* mwaka 1993, sauti na nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, zikiibeba karibu yote. Wengi nje ya wapenzi wa muziki huo walikuja kuusikia wimbo wake wa "Kothbiro" mwaka 2005, ulipowekwa kwenye filamu *The Constant Gardener*. Miaka kumi na miwili. Naitaja kwa sababu baada ya mapitio ya Julai kuna mwenzangu alinishauri tuhesabu hasara na tusonge mbele, na mfano huo ndio uliotupa moyo wa kuita usikilizaji wa pili baada ya wiki tatu, muda ambao katika biashara ya nyimbo za leo ni kama mwaka.

Sasa mitambo, ambayo wasanii huipuuza mpaka iwaumize. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Omutibo ukipitia spika ya simu unapoteza gumba, unabaki na kidole cha shahada peke yake, yaani nusu ya mazungumzo. Wahakiki wangapi walisikilizia simu mezani? Sikuuliza, na nilipaswa kuandika kwenye ujumbe wangu sentensi moja tu: tafadhali tumia vipokea sauti vya masikioni. Redio za FM nazo hupitisha kila kitu kwenye kompresa kabla ya kurusha, sauti ndogo zinainuliwa na kubwa zinabanwa, na albamu yenye pumzi nyingi hugeuka kuwa pumzi tupu.

Prodyuza aliwahi kunyooshewa kidole kwamba angeipandisha sauti albamu katika hatua ya mwisho. Namtetea kabisa. Huduma za kusikilizia muziki huzisawazisha nyimbo zenyewe. Spotify, kwa mfano, hulenga -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa ili upige kelele hushushwa ukakaa na wenzake, na kilichopotea katika kubanwa hakirudi. Angeiharibu albamu bila kupata chochote. Jambo ambalo lingeweza kujadiliwa ni zile sekunde 41. Spotify huhesabu kuwa wimbo umechezwa ukifika sekunde 30, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za sasa zinakimbilia kiitikio. Nilipomweleza hivyo mwimbaji alisema sekunde 41 ni muda wa maji kuanza kulia kwenye birika la Mama, alikuwa ameupima. Sikuwa na jibu na bado sina. Lakini wimbo huo haukupaswa kuwa ndio wa kupeleka redioni. Wa tatu unaanza kwa sauti yake papo hapo, na ulikuwepo.

Kuhusu kukificha kifo, tumebishana sana, mimi na yeye na Mama yake. Maoni yangu ya leo ni kwamba alikuwa sahihi. Wale watu arobaini wa Jumapili hawakuambiwa lolote na walifika wenyewe mpaka kwenye swali la yule mama. Kama taarifa yangu ingesema kwamba hii ni albamu ya kumlilia Baba, wote wangeingia wakiwa na pole mkononi, na kikohozi kingekuwa kielelezo cha jambo wanalolijua tayari. Kilichotukosesha si siri. Ni kwamba tuliweka siri na papo hapo tukamnyima msikilizaji njia ya kuifikia: hana wimbo wa nane, hana maneno, hana kimya.

Na maneno ya nyimbo ni kosa langu ambalo halina hata kisingizio cha kuogopa kuvuja. Nairobi tunasikia Kiswahili kutwa, lakini kwa sehemu kubwa ni Sheng na Kiswahili cha haraka cha stendi. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa Mama, cha taratibu, kinaimbwa karibu na kunong'ona. Mhakiki mmoja, Ijumaa ile kwenye baa, alisikia "hakijachafuka" kama "hatujachafuka" na akajenga aya nzima juu ya siasa.

Unabaki wimbo wa nne, ambao hapa nasimama na wahakiki. Ndio pekee unaotaja kifo kwa jina, ndio wenye machozi yanayotiririka, na kiitikio chake kinaweza kuwa cha mtu yeyote kuhusu marehemu yeyote. Nyimbo nyingine nane zinakionyesha kikombe. Huu unatuambia tulie. Niliuchagua kwa kuwa ulikuwa rahisi kushikika, na ukashikika hivyo hivyo: mapitio mawili kati ya sita yaliihukumu albamu nzima kwa maneno yake. Nilimshauri auondoe kwenye maonyesho. Mhakiki mzee alimshauri hivyo pia, uso kwa uso, kwa upole. Alitusikiliza sote wawili, na maonyesho matatu yaliyofuata hakuuimba.

Onyesho la nne Mama yake alikuwepo. Katikati ya nyimbo alinyoosha mkono kama mwanafunzi na kuuomba huo. Akaimbiwa. Tangu siku hiyo haujatoka tena kwenye orodha, na mimi kila unapoanza bado nasikia kwamba ni dhaifu.